Daktari ameniambia nifikirie kutolewa utumbo mpana. Waliopitia naomba mnieleze

Mama Tunu (Morogoro)

Habari za saa hizi jamani. Nina kolaitisi ya vidonda, na nina jambo la kuamua kabla shule hazijafungwa mwezi wa sita, kwa hiyo mnisamehe nikiandika marefu.

Vidonda vyangu siyo vile vya tumbo ambavyo kila jirani anavyo na kila jirani ana kabichi ya kukusagia. Viko kwenye utumbo mpana. Vilianzia huku chini karibu na njia ya haja kubwa, vikapanda, vikazunguka mpaka upande wa kulia, yaani utumbo mpana wote. Kabla havijajulikana nilitibiwa amiba, nikatibiwa taifodi, nikatibiwa amiba tena, nikaambiwa ni bawasiri. Mwaka 2019 ndipo nilipofanyiwa kolonoskopi, ile kamera ya kuangalia ndani ya utumbo mpana, Dar es Salaam, wakachukua vinyama vya kupima, na jina la ugonjwa likapatikana.

Tangu hapo nimepita dawa zote tunazoweza kuzimudu. Salfasalazini. Mesalazini, pale inapopatikana. Azathioprini nilianza vizuri, vipimo vya ini vikapanda, ikasimamishwa. Kinachonituliza hasa ni prednisoloni. Nikiwa miligramu 40 mimi ni mzima, nafundisha vipindi vyangu vyote na vya mwenzangu aliye likizo ya uzazi. Wakinishusha, nikikaribia 10, damu inarudi. Na hizo dawa zina bei yake mwilini: sura imejaa, presha imeanza kupanda, magoti yananiuma nikipanda ngazi. Watoto wa kidato cha kwanza waliona picha yangu ya mahafali ya zamani ofisini wakauliza kama yule ni mdogo wangu. Nikawajibu ndiyo, ni mdogo wangu, yuko Dodoma.

Ile sindano ya infliksimabu daktari aliitaja. Inaanza kwa dozi za karibu karibu, halafu kila wiki nane, bila mwisho unaojulikana. Bima yangu haitoi. Mume wangu alipiga hesabu kwenye simu, akaiweka simu kifudifudi mezani, hatukuizungumza tena.

Sasa kliniki iliyopita daktari akasema, “Mwalimu, umefika mahali pa kufikiria upasuaji.” Kutoa utumbo mpana, kutoa mdomo wa utumbo mwembamba tumboni na kuuvalisha mfuko, halafu baadaye, kama nitataka, kutengenezewa kifuko cha ndani ili mfuko wa nje uondoke. Akasema likizo ya mwezi wa sita ingefaa.

Mama yangu mzazi amesikia, hali chakula. Kwake yeye mtu akifunguliwa tumbo huwa amefunguliwa kuangaliwa tu, wanafunga, wanasema mpelekeni nyumbani. Mama mkwe hajasema neno, na yeye nikimjua, hilo ndilo neno.

Nataka kujua kwa waliopitia. Ugonjwa unakwisha kweli au unahamia kwingine? Nina miaka 34 na mtoto mmoja, na bado nataka wa pili. Je, uzazi unabaki? Kusimama darasani dakika themanini na mfuko kiunoni inawezekana? Choo cha walimu shuleni kwetu kiko nyuma ya jiko, cha kuchuchumaa, na ndoo moja ya maji. Na harufu jamani. Nalala na mume, napanda daladala. Kwa sasa najua kila choo kuanzia stendi ya Msamvu mpaka shuleni na najua kipi kina kufuli. Kwenye mkoba natembea na khanga na nguo ya ndani ya akiba. Nikisimamia mtihani nakaa karibu na mlango. Hiyo nayo siyo afya, najua. Lakini kisu ni kisu.

Mti Mkavu

Dada usikubali kukatwa. Chukua unga wa mlonge, ubuyu na asali mbichi, asubuhi na jioni mwezi mzima. Hospitali wanakimbilia kukata. Shemeji yangu alikuwa na tatizo hilohilo, alipona kabisa.

Seremala (Tanga)

Mti Mkavu, mlonge naula sana, ni mboga nzuri. Utumbo wangu mpana nao uliula miaka yote mpaka siku ulipotolewa.

Mwalimu, pole. Nina mfuko tangu mwaka 2016, ugonjwa ni huohuo wako. Tofauti ni kwamba wewe unaulizwa. Mimi nililazwa na homa, nikaambiwa tutaongeza sindano za hidrokotizoni tuone. Usiku mmoja tumbo likavimba likawa gumu, kuharisha kukapungua ghafla, nikadhani napona. Wakapiga eksirei, utumbo ulikuwa umetanuka unataka kupasuka. Kaka zangu wakatafutwa usiku huo watoe damu. Nilipozinduka mfuko ulikuwa tayari uko tumboni na mimi sikujua hata unafunguliwaje. Kidonda kikapata usaha, mshono ukaachia, nikakaa wodini hadi wauguzi wakawa wananiagizia stuli. Nakueleza haya siyo kukutisha. Upasuaji uleule, kwa mtu aliyekula vizuri, ambaye damu yake imepandishwa na prednisoloni yake imeshushwa, na upasuaji wa mtu anayeokolewa saa nane usiku, ni vitu viwili. Mama yako huenda amewaona hao wa saa nane usiku.

Sasa jambo ambalo watu hawakuambii. Kabla ya upasuaji omba wakuchoree kwa kalamu mahali stoma, yaani huo mdomo wa utumbo, itakapokaa. Kwa sisi wa utumbo mwembamba huwa upande wa kulia, chini ya kitovu. Uchorwe ukiwa umekaa, umesimama, umeinama, na uwe umevaa sketi unayovaa kazini, waone mkanda unapita wapi na tumbo linakunja wapi. Yangu iliwekwa na mtu aliyekuwa anakimbizana na roho yangu, simlaumu, lakini imekaa kwenye mkunjo. Nikiinama kupiga randa, ile sehemu ya kubandika inaanza kunyanyuka upande wa chini. Nimejifunza kupiga randa nimesimama wima na meza nimeipandisha juu. Wewe ukiinama kuandika chini ya ubao hutataka shida hiyo.

Stoma yenyewe ni nyekundu na ina unyevu, kama ndani ya shavu. Ukiigusa haiumi. Ikifutwa kwa nguvu inaweza kutoa damu kidogo, usishtuke. Kinachouma ni ngozi pembeni yake ikiguswa na choo, kwa sababu choo cha utumbo mwembamba kina maji ya kuyeyusha chakula, na hayo hayachagui, yanayeyusha na wewe. Ndiyo maana tundu la ile sehemu ya kubandika linakatwa liizidi stoma milimita mbili au tatu tu. Likiwa kubwa, ngozi inaungua. Likibana, linakata stoma. Na stoma mpya imevimba, inasinyaa polepole kwa wiki sita hadi nane, kwa hiyo unapima upya kila unapobadilisha. Mimi yangu ilipotulia nilijichongea kipimo cha hadibodi, nikakipiga msasa, naweka juu, nachora, nakata. Ni kazi ya dakika moja.

Kubadilisha nafanya asubuhi kabla ya chai, utumbo ukiwa bado umelala. Maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, unakausha kabisa, ngozi ikiwa na unyevu hakuna gundi itakayoshika. Usipake mafuta hapo. Baada ya kubandika naweka kiganja juu dakika chache, joto la mkono linasaidia gundi kushika. Mfuko mmoja unanikaa siku tatu, miezi ya joto ni mbili. Kumwaga ni mara kadhaa kwa siku, ukifika theluthi moja unamwaga, usingoje ujae uning’inie. Choo cha kuchuchumaa hakina shida, napiga goti moja, nakunja mdomo wa mfuko kwa nje, namwaga, nafuta, nafunga. Chupa ndogo ya maji iwe mkononi, usitegemee ndoo ya watu. Harufu ipo wakati wa kumwaga, na kila mtu chooni ana harufu. Ukiisikia wakati mwingine ujue kuna mahali panavuja, siyo kwamba mfuko uko hivyo. Dagaa na mayai vinazidisha, basi siku ya safari usivile.

Halafu chumvi. Utumbo mpana kazi yake kubwa ilikuwa kurudisha maji na chumvi mwilini, sasa haupo. Tanga mwezi wa tatu joto unalijua. Nilikuwa nakunywa maji matupu jagi kwa jagi na bado miguu inakaza misuli, kichwa kinazunguka. Kumbe maji matupu mengi yanapita yakichukua na chumvi yako. Dafu ni zuri lakini lina chumvi kidogo. Kinachofaa ni maji ya oarsi (ORS), yale ya pakiti ya wanaoharisha, au ya nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vijiko viwe vimesawazishwa siyo vya mlima. Ukiona mkojo umekuwa mchache na wa rangi nzito, anza hapohapo.

Chakula wiki za kwanza ni laini. Baadaye unarudisha kimoja kimoja. Mahindi ya kuchoma, karanga, machicha ya nazi, nyuzi za machungwa, hivyo utafune hasa, vinaweza kuziba. Mfuko ukikaa mtupu saa nyingi, tumbo linasokota na unatapika, usinywe dawa ya kukufanya uharishe, nenda hospitali.

Na ulizia mifuko kabla hujapasuliwa! Inauzwa wapi, bei gani, saizi gani, bima inatoa au haitoi. Mimi naagiza Dar inakuja kwa basi. Niliwahi kuishiwa nikafunga mfuko wa nailoni na kanga kiunoni, ngozi ikaungua wiki nzima. Usiuweke mzigo kwenye gari juani, gundi inaharibika.

Kuhusu kulala na mume: mimi nimeoa nikiwa na mfuko tayari. Nilimwambia kabla ya posa, nikamwonyesha. Mke wangu sasa ndiye anayegundua kabla yangu kwamba upande mmoja umeanza kuachia, ananigonga begani tunapotoka msikitini, mimi huku, yeye upande wa wanawake, tunakutana getini.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Dada Mama Tunu, mimi nafanya kazi wodi ya upasuaji. Kaka Seremala amesema mengi, naongeza machache.

Kwanza, swali lako la kama ugonjwa unahamia kwingine linategemea ni ugonjwa gani. Kolaitisi ya vidonda inakaa kwenye utumbo mpana na sehemu yake ya mwisho tu, vikitolewa vyote hakuna pa kurudia. Maumivu ya viungo yanayokwenda na ugonjwa mara nyingi hutulia, ingawa mgongo, na wale wachache wenye shida ya mirija ya nyongo, hiyo inaweza kuendelea. Ugonjwa wa Crohn ni mwingine, unaweza kushika popote kuanzia mdomoni, na kukata hakuumalizi. Halafu hapa kwetu kuna kifua kikuu cha utumbo, ambacho kwenye kamera kinaweza kufanana sana na Crohn, na kuna amiba na kichocho. Kwa hiyo kabla ya uamuzi omba vile vinyama vyako vya 2019 visomwe upya, na ikiwezekana kolonoskopi irudiwe. Kuna sababu nyingine ya kuirudia: mtu ambaye utumbo wake wote umeshikwa, ikifika miaka minane hivi tangu dalili zianze, anatakiwa kuchunguzwa kwa kamera kwa sababu hatari ya saratani ya utumbo mpana huanza kupanda. Hesabu yako inaanzia kwenye zile “amiba”, siyo kwenye 2019. Wakikuta chembe zimeanza kubadilika, mazungumzo ya upasuaji yanakuwa mengine kabisa.

Pili, prednisoloni usiiache mwenyewe kwa ajili ya kujiandaa. Mwili wako umezoea kupewa homoni hiyo, ukiikata ghafla unaweza kuanguka. Inashushwa na daktari, na daktari wa usingizi aambiwe umeitumia muda gani. Ukiwa juu ya miligramu 20 kwa wiki nyingi, madaktari wengi hawatengenezi kifuko cha ndani siku hiyohiyo. Wanatoa utumbo mpana kwanza, wanaacha kipande cha mwisho ndani, unapumzika miezi, unanenepa, prednisoloni inaisha, ndipo hatua ya pili. Ukiambiwa ni hatua mbili au tatu usidhani wanakuongezea bili.

Tatu, usijifunge na mwezi wa sita. Mwaka 1955 madaktari wawili wa Oxford, Truelove na Witts, waliweka kipimo ambacho tunakitumia mpaka leo: choo chenye damu mara sita au zaidi kwa siku, pamoja na homa, au mapigo ya moyo yanayozidi 90, au damu iliyopungua sana. Hiyo ni kulazwa siku hiyo. Na wodini siku ya tatu ya sindano za hidrokotizoni ndiyo ya kuamua kama dawa inafanya kazi au tunabadilisha njia, siyo ya kusema tusubiri wiki nyingine.

Ukilazwa utachomwa sindano za kuzuia damu kuganda na utasumbuliwa utembee mapema. Wagonjwa wa kolaitisi damu yao huganda haraka kuliko ya watu wengine. Ukituchukia kwa kukuamsha utembee, tumezoea.

Mama Tunu (Morogoro)

Jamani, nimesoma mara mbili, ya pili nikamsomea mume wangu kwa sauti. Pale pa getini kwa msikiti akacheka, sijamsikia akicheka kuhusu hili jambo kabla.

Mti Mkavu ahsante, najua nia ni njema. Mlonge uko nyuma ya nyumba, nimeumaliza mpaka matawi.

Nesi, kuhusu hesabu ya miaka, hapo umenigusa. Hakuna aliyewahi kunihesabia hivyo. Damu ya kwanza niliiona nikiwa chuo, kabla hata sijaajiriwa. Nitapeleka hilo swali.

Bado la uzazi. Na hicho kifuko cha ndani, kuna mtu anacho?

Binti Kisauni (Leicester)

Dada yangu, mimi ninacho. Ni wa Mombasa, niko huku Uingereza miaka mingi, na kolaitisi nimeipatia hukuhuku. Nitakujibu la uzazi kwanza maana na mimi ndilo lililonikosesha usingizi.

Daktari wangu alinichorea nyonga. Kutoa utumbo mpana na kuacha kile kipande cha mwisho hakuchokonoi sana kule chini uzazi uliko. Kinachopunguza uwezo wa kushika mimba ni ile kazi ya kutoa kipande cha mwisho na kushonea kifuko ndani ya nyonga, kwa sababu makovu yanaweza kuvuta na kuziba mirija ya uzazi. Haina maana hutazaa, wengi wanazaa, ila uwezekano unashuka. Wakifanya kwa vitundu vidogo na kamera makovu huwa machache. Basi mimi nikaamua: utumbo utoke, mfuko ukae, nizae, kifuko kije baadaye. Nikashika mimba nikiwa na mfuko. Tumbo lilivyokua stoma nayo ikatanuka, ikabadilika umbo, nikawa nakata tundu kubwa kila mara, na miezi ya mwisho nilikuwa siioni kabisa, nabandika kwa kioo. Mtoto yuko darasa la pili.

Ubaya wa njia hii ni kwamba kile kipande kilichobaki bado kina ugonjwa. Kinatoa ute, mara nyingine damu, na lazima kiendelee kuchunguzwa kwa kamera. Siyo cha kusahau humo ndani.

Kifuko chenyewe kinatengenezwa kwa mwisho wa utumbo mwembamba, wanaukunja wanaushona uwe na umbo la herufi J, wanauunganisha chini. Kifuko cha ndani, cha kwanza kikiwa na umbo la S, kilianzia hospitali ya St Mark’s, London, kwa madaktari Parks na Nicholls, waliandika mwaka 1978. Usitegemee choo cha mara moja kwa siku. Mimi ni mara tano hadi saba, na moja ya usiku, choo ni laini siku zote. Tofauti ni kwamba nikisikia haja naweza kumalizia ninachofanya. Naweza kusimama foleni. Wewe unayejua choo chenye kufuli kati ya stendi na shule, utanielewa.

Na kifuko kinaumwa. Kinavimba, unaharisha, homa kidogo; kwangu hutulia kwa siprofloksasini. Karibu nusu ya wenye kifuko hupata hiyo angalau mara moja. Kuna wachache wanaokataliwa na kifuko wakarudi kwenye mfuko wa nje kwa hiari yao. Kuna shoga yangu mmoja hapa, Msomali, alikataa kifuko tangu mwanzo: akasema upasuaji mmoja umenitosha, ninyi endeleeni. Anaogelea kuliko mimi.

Mifuko huku walikuwa wananiletea mlangoni bila kulipa, najua nyumbani sivyo, kwa hiyo hapo msikilize kaka Seremala, siyo mimi.

La ibada hukuuliza lakini wengine watauliza. Shehe wangu alinifundisha nichukue udhu kila ukiingia wakati wa sala, kisha niswali hata mfuko ukiwa na kitu, kwa kuwa kutoka kwake hakuko mikononi mwangu. Ramadhani na mfuko ni shauri la daktari. Mwaka wa kwanza nilikula, nikalipa fidia, sikuona haya.

Mzee wa Nakuru

Mimi ni wa Crohn, kwa hivyo habari yangu si sawa na yako, mwalimu, lakini nitaiweka kwa sababu kuna watu watasoma hii na hawajui walicho nacho.

Nilitolewa kipande cha utumbo mwembamba pale unapokutana na mpana, 2018. Kilikuwa kimebana hadi chakula hakipiti, nilikuwa naishi kwa uji na supu. Kabla ya hapo nilikuwa nimemaliza miezi sita ya dawa za TB kwa kukisiwa tu. Waliunganisha hapo hapo, sikupewa mfuko. Nilikula nyama choma siku ambayo daktari aliniruhusu na nililia mbele ya watoto.

Ugonjwa ulirudi, pale pale kwenye maungio, kama walivyoniambia unapenda kurudi. Sasa niko kwa dawa, na sindano ya vitamini B12 ya maisha, kwa sababu kipande kilichotolewa ndicho kinachoifyonza. Sigara inaharakisha kurudi kwake, hiyo wanakuambia kila kliniki. Wengine huniuliza, sasa ulikatwa bure? Hapana. Ile miaka niliyokula na kufanya kazi niliila na kuifanya mimi. Lakini wa Crohn akiambiwa atolewe utumbo mpana na atengenezewe kile kifuko cha J, aulize maswali mengi sana kabla ya kusaini, kwa sababu Crohn hukiharibu.

Mama Tunu (Morogoro)

Nimerudi kliniki jana, na karatasi ya maswali mkononi kama mwanafunzi wa bweni. Vinyama vya 2019 vinatafutwa, na kolonoskopi itarudiwa kabla ya chochote. Daktari amekubali kwamba tukifika kwenye upasuaji iwe utumbo mpana kwanza na mfuko, kifuko cha ndani kisizungumzwe mpaka nizae au niseme sizai. Prednisoloni anaishusha kwa miligramu 5 kila wiki mbili, na nimeambiwa nikifikia zile dalili za Nesi nisisubiri tarehe. Nilipotaja kuchorwa kwa kalamu aliita muuguzi hapohapo, akaniambia siku hiyo nije na sketi ya kazi na kitenge pia.

Mama bado. Nimemwambia aongee na mke wa Seremala, amesema atafikiria, ambayo kwa mama yangu ni hatua. Mume ameniuliza kama ataruhusiwa kujifunza kubadilisha mfuko akiwa wodini. Mama mkwe ametuma kuku wawili.

Seremala, hicho kipimo cha hadibodi unauzaje?

Seremala (Tanga)

Siuzi, nakuchongea. Ila usiniletee vipimo mwezi wa kwanza, itakuwa bado imevimba nitachonga mara mbili. Ikitulia, pima urefu na upana kwa rula, siyo kwa macho, maana nyingi haziko duara kamili. Nitaituma kwa basi la asubuhi.